Kugeuza fikasi ya kitaluni kuwa bonsai yako ya kwanza: mwongozo kamili

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu bonsai, ule ufundi wa Kijapani wa kulea mti ubaki mdogo ndani ya chombo, ni hili: "Mbona wangu umekauka?" Mtu amenunua mche mzuri kwenye kitalu cha kando ya barabara, amefuata video, na wiki chache baadaye majani yamepukutika na matawi yamesinyaa. Nikimwuliza alifanya nini, majibu hufanana. Siku hiyo hiyo alipogoa matawi, akafunga waya, akachana kiriba (mfuko wa mche), akapunguza mizizi, akaupanda mche kwenye kibakuli kisicho na tundu, kisha akauweka juu ya meza sebuleni.

Mti haustahimili majeraha hayo yote kwa mpigo. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya, na mizizi ndiyo inayopandisha maji ya kuchipusha majani mapya. Ukikata juu na chini siku moja, hakuna upande uliobaki na nguvu ya kuusaidia mwingine. Ndiyo maana mwongozo huu umegawa kazi kwa vipindi: juu kwanza, chini baadaye, na katikati kuna kungoja. Ukifanya haraka katika jambo lolote jingine utasameheka. Katika hili, hapana.

Mti tutakaoutumia ni fikasi, Ficus benjamina, wenye majani madogo yanayong'aa na ncha iliyochongoka. Nimeuchagua kwa sababu ni rahisi kuupata Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Arusha, bei yake ni ya chini, unavumilia joto, na unachipua hata kwenye sehemu ya shina iliyokwisha kukomaa. Achana kwanza na ile misonobari ya kwenye picha za Japani. Mingi huhitaji miezi ya baridi kali ili ipumzike, na pwani haipati pumziko hilo.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Mizizi iliyo wazi haiwezi kukusubiri uende dukani.

- Mche wa fikasi ulio kwenye kiriba au ndoo (jinsi ya kuuchagua iko hatua ya 1).
- Mkasi wa kupogolea wenye makali. Mkasi butu unaponda gome, na gome lililopondwa huoza.
- Msumeno mdogo kwa tawi lililozidi unene wa kidole.
- Waya laini wa alumini, wa milimita 1.5 na 2.5. Ukiukosa, nunua waya wa umeme wa nyumbani wenye uzi mmoja wa shaba, uchune ngozi yake ya plastiki kwa kisu. Usiichome: moshi wake ni sumu. Waya wa kufungia nondo uache, unashika kutu.
- Kijiti cha mishikaki, kwa kuchambua mizizi na kushindilia udongo.
- Kipande cha wavu wa dirishani, kwa kufunika matundu ya chombo.
- Chombo cha kuanzia: beseni la plastiki la kina cha sentimita 8 hadi 10, ulilolitoboa matundu mengi chini. Chungu kizuri kitakuja baadaye.
- Glavu na kitambaa chenye maji. Fikasi hutoa utomvu mweupe unaowasha ngozi na kuumiza macho. Watoto, mbuzi na paka wakae mbali.

Na udongo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu baada ya haraka, udongo ndio muuaji wa pili.

### Udongo wa bonsai si udongo wa bustani

Kwenye chombo kifupi maji hayashuki kama yanavyoshuka shambani. Udongo wa kawaida, hasa mfinyanzi au ule mweusi wa vitaluni, unashikana, unabaki na maji chini, na mizizi inakosa hewa. Kwa juu unaonekana mkavu, kumbe chini umeoza. Mwenye mti anaongeza maji, na kuoza kunazidi.

Unachotaka ni chembe ngumu za ukubwa wa milimita 3 hadi 6, zinazoshika unyevu kidogo na kuacha nafasi ya hewa. Kenya kuna pumisi, jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, inayochimbwa upande wa Longonot na Naivasha. Arusha tafuta mawe mepesi ya volkano. Dar es Salaam na kwingine pwani, ponda matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Wajenzi huyatupa bure.

Mchanganyiko wangu wa kawaida ni sehemu 2 za matofali yaliyopondwa au pumisi, sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni, na sehemu 1 ya mboji iliyooza vizuri. Chekecha mara mbili: mara ya kwanza kutoa mawe makubwa, mara ya pili kutoa vumbi. Vumbi ukiliacha litashuka na kuziba matundu, na kazi yote itakuwa bure. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi.

Pima hivi: jaza kikombe ulichokitoboa chini, mwagia maji. Yakipita ndani ya sekunde chache, udongo uko sawa. Yakitulia juu na kufanya kidimbwi, chekecha tena.

## Hatua ya 1: Chagua mche kwa kuangalia chini

Wanunuzi wengi huangalia majani. Wewe chuchumaa uangalie shina. Majani yataota upya mara nyingi, lakini shina ni lile lile.

Tafuta shina lenye unene wa gumba au zaidi, nene chini na jembamba juu. Fukua udongo wa juu kwa kidole, sentimita 2 au 3, hadi uone mizizi ya kwanza. Mche mzuri una mizizi inayotawanyika pande zote kutoka kwenye shina. Ukikuta mzizi mmoja mnene umejizungusha shinani, usiununue mche huo, baadaye mzizi utalikaba shina.

Muuzaji akuone unafukua, usione haya. Mwombe ruhusa, kisha rudisha udongo.

Miche mirefu, iliyonyooka na kupendeza mara nyingi haifai. Ule uliopinda, uliokatika kichwa ukachipua pembeni, uliosukumwa nyuma ya kitalu, ndio wako, na mara nyingi muuzaji atakupunguzia bei. Hakikisha una matawi ya chini. Epuka iliyosukwa: hiyo ni miche kadhaa iliyofungamanishwa, nayo haitakupa shina moja zuri. Yenye majani ya madoa meupe ni mizuri machoni ila hukua polepole. Iache kwa sasa.

Geuza majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, angalia vizuri makwapa ya matawi. Sisimizi hufuata utamu unaotolewa na wadudu wanaofyonza utomvu, wale weupe wenye unga au wenye magamba ya kahawia. Chagua mche mwingine.

## Hatua ya 2: Uache uzoee kwako

Weka mche nje, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa wiki 2 hadi 4. Usikate kitu. Mwagilia tu.

Fikasi hupukutisha majani inapohamishwa, kwa sababu mwanga umebadilika. Hilo si ugonjwa. Ukianza kukata wakati huo, hutajua kama majani yanadondoka kwa sababu ya kuhama au kwa sababu yako.

Utajua mche uko tayari utakapoona ncha mpya za kijani kibichi zikifunguka mwishoni mwa matawi. Bila ncha hizo, usishike mkasi.

Pwani unaweza kuanza wakati wowote wa joto, ila mwanzo wa masika au wa vuli ni bora zaidi. Nairobi, Arusha na nyanda nyingine za juu, ruka Juni hadi Agosti. Fikasi iliyokatwa kwenye baridi hukaa kimya miezi, na kidonda hakifungi.

## Hatua ya 3: Tafuta uso wa mti, kisha pogoa

Weka mche juu ya meza, usawa wa macho. Uzungushe polepole. Kuna upande mmoja ambapo mizizi inaonekana imetawanyika vizuri, shina lina mpindo wa kupendeza, na hakuna tawi linalokuchoma usoni. Huo ndio mbele. Weka alama kwenye kiriba.

Sasa amua urefu. Kipimo cha kuanzia: urefu uwe kama mara 6 ya unene wa shina chini. Shina la sentimita 3 linadai mti wa karibu sentimita 18. Watu hukataa hapo, wanaona mche wao mrefu unapotea. Lakini kinachofanya mti mdogo uonekane mzee ni unene wa shina ukilinganishwa na urefu wake, na unene hauongezeki kwa wiki. Urefu unapungua kwa mkato mmoja.

Kata kwa mpangilio huu:

1. Matawi yaliyokufa, yaliyooza na vijiti vikavu.
2. Matawi yanayoshuka chini moja kwa moja na yanayosimama wima kutoka mgongoni mwa tawi jingine.
3. Matawi yanayopishana na kusuguana.
4. Matawi pacha, yanayotoka kimo kimoja, moja kushoto moja kulia. Bakiza moja. Ukiyaacha yote, shina litavimba mahali hapo na halitarudi.
5. Kichwa. Shusha shina hadi juu kidogo ya tawi litakalochukua nafasi ya kichwa kipya.

Katika yaliyobaki, tawi la kwanza liwe karibu theluthi ya urefu kutoka chini, la pili juu kidogo upande wa pili, la tatu kwa nyuma. Tawi la nyuma wengi hulisahau, na mti unaonekana bapa.

Onyo kubwa: kila tawi unaloliacha libaki na majani ya kijani kwenye ncha yake. Ficus benjamina ina tabia hii: tawi lililonyolewa majani yote mara nyingi hufa lote hadi shinani, hata kama mti wenyewe ni mzima. Ukitaka kufupisha tawi, kata mbele ya jani, na nyuma bakiza majani 2 au 3. Na kwa jumla usiondoe zaidi ya nusu ya majani ya mti mzima.

Utomvu utamiminika. Nyunyizia maji kwenye kidonda, futa kwa kitambaa, utaganda wenyewe na kuziba. Huna haja ya kupaka kitu.

Mafanikio yanaonekanaje? Baada ya wiki 3 hadi 5, vichomozo vidogo vilivyochongoka hutokea karibu na ulipokata, na vingine hata kwenye gome tupu. Ukiviona, mti umeipokea kazi yako.

## Hatua ya 4: Waya, kwa matawi machache tu

Unaweza kufunga waya siku ile ile ya kupogoa, maana hapo hujagusa mizizi. Lakini chagua matawi 2 au 3 muhimu. Mti mzima uliosokotwa waya ni mzigo kwa anayeanza.

Waya uwe na unene wa karibu theluthi ya unene wa tawi. Anzia kwenye shina, zungusha mara moja au mbili upate nguvu, kisha uende kwenye tawi kwa mshazari wa nyuzi 45. Waya mmoja unaweza kuhudumia matawi mawili yaliyo karibu, na huo ndio ufungaji imara kuliko wote. Uguse gome bila kulibana. Majani yasinaswe chini yake.

Kupinda: weka gumba mbili ndani ya mpindo, vidole vingine vishike nje, sukuma kidogo kidogo. Hakikisha waya unapita upande wa nje wa mpindo, kwa sababu huko ndiko gome linavutika na kupasuka. Ukisikia mlio mdogo wa kuvunjika, simama hapo hapo. Usijaribu kurudisha. Funga kamba laini mahali palipopasuka na uache, fikasi hujiunga.

Matawi yashushwe kidogo, yalale au yaelekee chini. Mti mchanga huinua matawi, mzee huyashusha, na jicho linalijua hilo bila kuambiwa.

Tawi gumu lisilokubali waya, livute kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye ukingo wa kiriba. Ni njia ya polepole na salama.

Onyo: fikasi hunenepa haraka wakati wa joto. Kuanzia wiki ya tatu, kagua waya kila wiki. Ukiona unaanza kuzama kwenye gome, utoe hata kama tawi halijashika, utafunga tena. Utoe kwa kuukata vipande vipande. Kuuzungusha kinyume ndiko kunakovunja matawi. Kovu la waya hudumu miaka.

## Hatua ya 5: Ngoja

Miezi 2 hadi 3. Mti ubaki kwenye kiriba chake, upate jua, maji, na mbolea kidogo. Mbolea ya NPK tumia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na ulowanishe udongo kabla.

Hapa ndipo video hukatisha, na ndipo miti mingi hufa kwa sababu mwenyewe ameona kibakuli kizuri dukani. Mti uwe umetoa machipukizi mapya yenye majani 5 au 6 kila moja. Hapo ndipo una akiba ya kuhimili kukatwa mizizi. Usipoyaona machipukizi hayo, ongeza mwezi.

## Hatua ya 6: Mizizi na chombo kipya

Fanya kazi hii asubuhi na mapema au jioni, kivulini, pasipo upepo. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu. Mizizi myembamba ikikauka dakika chache tu imekufa, hata kama macho hayaoni.

Andaa chombo kwanza. Funika matundu kwa wavu. Pitisha waya mmoja mrefu kutoka chini, ncha mbili zitokeze juu. Utautumia kufunga mti. Weka tabaka la udongo, ulundike kidogo pale mti utakapokaa.

Chana kiriba. Utakuta mizizi imezunguka kufuata umbo la mfuko. Kwa kijiti cha mishikaki, anza shinani ukielekea nje, fungua mizizi taratibu. Usivute. Ondoa udongo wa zamani wa chini na pembeni. Ule ulio karibu kabisa na shina unaweza kubaki mwaka huu.

Kata mzizi mkuu unaoshuka chini, na minene inayozunguka. Bakiza myembamba mingi kadiri unavyoweza, maana hiyo ndiyo inayokunywa. Jumla usizidishe theluthi ya mizizi yote. Ukiona kitasalia kitu kikubwa kuliko beseni lako, tafuta beseni kubwa zaidi. Usikate ili itoshee.

Panda. Weka mti juu ya kichuguu cha udongo, uzungushe kushoto na kulia huku ukisukuma chini, ili pasibaki uwazi chini ya shina. Mizizi ya juu ionekane kidogo. Funga waya juu ya fungu la mizizi, ukaze. Mti unaotikisika hukatika mizizi mipya kila upepo ukivuma, na huu ni mmoja wa vifo visivyoeleweka na wengi.

Jaza udongo, kisha uchomechome kwa kijiti pande zote ili chembe ziingie katikati ya mizizi. Endelea kuongeza mpaka kijiti kigome kushuka.

Mwagilia kwa maji mengi ya matone madogo. Yatatoka chini yakiwa ya kahawia. Endelea hadi yatoke safi.

Kipimo cha mafanikio: shika shina, inua polepole. Chombo kikifuata bila mti kucheza, umefunga vizuri.

## Hatua ya 7: Wiki sita za uuguzi

Wiki 2 hadi 3 za kwanza, kivuli chenye mwanga, chini ya mwembe kwa mfano, au barazani. Kisha jua la asubuhi. Kisha jua refu zaidi. Mbolea hakuna mpaka wiki ya sita. Mizizi iliyokatwa huungua kwa chumvi ya mbolea.

Maji hayafuati ratiba. Chomeka kijiti cha mishikaki sentimita 3 ndani ya udongo, kingoje dakika tano, kitoe. Kikiwa na unyevu, subiri. Kikiwa kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mtu wa Dar kwenye joto la Januari anaweza kumwagilia asubuhi na jioni. Mtu wa Limuru kwenye ukungu wa Julai anaweza kukaa siku tatu.

Wanaotumia maji ya kisima pwani, yaonjeni. Yakiwa na chumvi, majani huungua kingoni na ukoko mweupe hutanda kwenye chombo. Tumia maji ya mvua, au ya bomba.

Majani yakidondoka, usifanye chochote kabla ya kukwaruza gome kwa ukucha, padogo tu. Kijani chini yake maana yake tawi ni hai: acha lilipo, punguza maji kidogo kwa kuwa majani machache hunywa kidogo, na ungoje. Ukikuta kahawia na ukavu, shuka chini zaidi ukikwaruza mpaka upate kijani, ukate hapo. Usiongeze mbolea, usihamishe, usifukue kuangalia mizizi.

Na mti ukae nje. Sebuleni, hata karibu na dirisha, mwanga ni mdogo kuliko unavyodhani. Wageni wakija uingize ndani siku moja au mbili, kisha urudishe.

## Baada ya hapo

Chipukizi likifikisha majani 6 hadi 8, lirudishe kwenye majani 2 au 3. Rudia msimu wote wa ukuaji. Hivyo ndivyo matawi madogo yanavyoongezeka na majani yanavyozidi kuwa madogo.  Tawi unalotaka linenepe, lile la chini kabisa kwa mfano, liache likimbie bila kuguswa hadi lifikie unene unaoutaka, ndipo ulifupishe.

Ukishaizoea fikasi, jaribu bogenvilia, ambayo hupogolewa kwa namna karibu hiyo hiyo lakini huchukia kuchambuliwa sana mizizi, au mkwaju kutoka kitaluni, unaokua polepole na kutoa gome zuri mno. Mvinje pia unawezekana, ila unakausha tawi haraka ukikosa maji siku moja. Waridi la jangwani linunue kwa wakulima wa vitalu. Yale ya porini yaache yalipo.

Baada ya miaka miwili kwenye beseni, wakati mizizi imejaa na maji yanachelewa kupita, rudia hatua ya 6. Hapo ndipo ununue chungu kifupi cha udongo: kina chake kikaribiane na unene wa shina chini, urefu wake uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti, na chini kiwe na matundu mawili, moja kila upande.